Doa Jeusi Ndani ya Kaseti

Kaseti ilikuwa ya njano, yenye ukubwa wa kiganja, na lebo yake iliahidi gemu 9,999,999. Fundi aliilaza juu ya gazeti, akachomeka bisibisi bapa kwenye mshono, akaizungusha taratibu mpaka plastiki ikaachia. Ndani mlikuwa na kibao cha saketi chenye upana wa vidole vitatu. Nilitegemea kukuta chipu, zile ambazo mafundi wanaziita aisii, zenye miguu ya chuma na maandishi mgongoni. Hapakuwa na aisii. Katikati ya kibao palikuwa na tone la gundi nyeusi, gumu kama lami iliyopoa, na njia nyembamba za shaba zilitokea chini yake kwenda kwenye meno ya kaseti.

"Hapo hupati kitu, mdogo wangu," alisema. "Kila kitu kimezikwa chini ya hilo doa."

Banda lake liko jirani na soko la Kilombero, hapa Arusha, na amekuwa akifungua redio na televisheni tangu nikiwa mtoto. Nilikuwa nimemfuata kwa swali moja tu: kaseti kama hizi zilianza kufika mjini lini? Akafungua ya pili, ya kijivu, nzito kidogo. Hiyo ilikuwa na aisii mbili, na juu ya mojawapo, chini ya alama ya kiwanda, kulikuwa na tarakimu nne: 9217. Watengenezaji wengi wa chipu walikuwa wakiandika hivyo. Tarakimu mbili za mwanzo ni mwaka, mbili za mwisho ni wiki. Chipu ile ilitoka kiwandani katika wiki ya 17 ya mwaka 1992, yaani karibu na mwisho wa Aprili.

Kwa anayetafuta historia, tarakimu hizo ni mali. Hata hivyo zinathibitisha jambo moja tu, kwamba kaseti haiwezi kuwa imeundwa kabla ya hapo. Ilikaa ghalani miaka mingapi, ilipita bandari gani, ilinunuliwa na nani na kuchezewa kwenye televisheni ya nani, chipu haijui. Wachimbaji wa Oldupai wanalielewa jambo hili vizuri. Umri wa jivu la volkano unakupa mpaka wa umri wa mfupa uliolala juu yake, lakini habari za mwenye mfupa utazitafuta kwingine.

Hiyo "kwingine" ndiyo ninayotaka kuieleza, kwa sababu naamini historia ya gemu za video na kompyuta za nyumbani katika mji kama Arusha inaweza kuandikwa, tena iandikwe vizuri, ila kwa kalenda yake yenyewe.

Vitabu vingi vya historia hii vinafuata njia moja. Mwaka 1972 Magnavox wanatoa Odyssey na Atari wanatoa Pong. Mwaka 1977 inakuja Apple II, na mwaka 1982 ZX Spectrum ya Uingereza na Commodore 64 ya Marekani. Mwaka 1983 soko la gemu la Marekani linaanguka, kisha Nintendo wanalifufua. Ni kalenda ya watengenezaji, na kwa miji yao inafaa. Ukiileta chini ya Mlima Meru, miaka inabaki ileile lakini maana inabadilika.

Chukua huohuo mwaka 1983. Marekani maduka yalijaa gemu zisizonunulika, bei zikaporomoka, na Atari wakapeleka shehena ya kaseti kuzikwa jalalani Alamogordo, New Mexico. Japani, tarehe 15 Julai, Nintendo walianza kuuza Famicom, mashine yao ya gemu za kaseti. Na Arusha? Mwezi Novemba marais Nyerere, Moi na Obote walikutana hapa na kukubaliana kuhusu mali na madeni ya Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyovunjika mwaka 1977, na mpaka wa Tanzania na Kenya, uliokuwa umefungwa tangu mwaka huo, ukafunguliwa tena. Namanga iko kilomita zipatazo 110 kutoka mjini. Kwa mtoto wa Ngarenaro au Kijenge, tukio hilo la tatu lilikuwa na uzito kuliko yale mawili ya kwanza, maana bidhaa za umeme zilizokuwa Nairobi zilipata tena barabara halali ya kuja. Mwaka uliofuata, 1984, serikali iliruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha za kigeni walizozipata wenyewe, na kuanzia 1985, chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, mlango ukazidi kupanuka. Anayeandika historia ya gemu Arusha na asiitaje Namanga ameanzia katikati ya hadithi.

Lakini mlango huo ulikuwa umefungwa vipi kwanza? Hapa lazima turudi nyuma, na nitakaa kidogo, kwa sababu jambo hili linaeleza mengi.

Kompyuta ya kwanza Tanzania, aina ya ICT 1500 kutoka Uingereza, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kufikia 1974 nchi nzima ilikuwa na kompyuta saba. Mwaka huohuo serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vinavyohusiana nazo, na televisheni zikaingia katika zuio hilo. Sababu zake hazikuwa za kipuuzi. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda ghafla mwaka 1973, ukame ulikuwa umeathiri mavuno, fedha za kigeni zilikuwa haba, na jaribio la kuendesha hesabu za serikali kwa kompyuta lilikuwa limeleta vurugu za gharama kubwa. Kwa nchi iliyotangaza kujitegemea hapahapa Arusha mwaka 1967, mashine ghali ya kigeni isiyotoa hesabu sahihi ilikuwa ngumu kuitetea. Aliyehitaji kompyuta baada ya hapo alipaswa kuomba kibali maalumu.

Wengi wanaotaja zuio hilo huishia kwenye kompyuta za maofisini. Mimi naona sehemu iliyogusa nyumba ni ile ya televisheni. Kompyuta za nyumbani za mwanzo wa miaka ya 1980 hazikuwa na skrini zao. Spectrum ilikuwa kibao cha vitufe tu. Ulichomeka waya wake kwenye tundu la antena la televisheni, na programu ukaziingiza kwa redio kaseti ya kawaida. Sasa angalia Arusha ya wakati ule. Redio kaseti zilikuwepo. Mji ulikuwa na kiwanda chake cha redio cha Philips, na mpaka leo abiria wa daladala barabara ya Moshi anamwambia konda amshushe Philips. Nusu ya kompyuta ya nyumbani ilikuwa tayari sebuleni. Nusu ya pili, televisheni, ndiyo iliyokosekana. Zanzibar walikuwa na kituo chao cha televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Bara hapakuwa na kituo chochote hadi 1994, vilipoanza vituo binafsi kama ITV.

Kwa hiyo kizazi kizima cha kompyuta za nyumbani, kile kinachojaza rafu za majumba ya makumbusho ya Ulaya, kiliipita Arusha pembeni. Anayetafuta Spectrum au Commodore za hapa aanzie kwenye nyumba za wataalamu wa kigeni, wamisionari, na familia za wafanyabiashara zilizokuwa na ndugu Uingereza. Na kwa Waswahili wa upande wa bahari, ningemshauri aulize pia jamaa walioko Muscat. Kampuni ya Al Alamiah ya Kuwait, iliyoanzishwa mwaka 1982 na Mohammed Al-Sharekh, ilisambaza katika nchi za Ghuba kompyuta za nyumbani za Sakhr zenye herufi za Kiarabu, na mtoto wa Kizanzibari aliyekulia Oman anaweza kuwa na kumbukumbu ambazo mwenzake wa Sanawari hakuwahi kuzipata.

Gemu za kaseti zilifika kwa wingi pale televisheni zilipoanza kuingia majumbani, kwanza kwa ajili ya mikanda ya video, halafu kwa ajili ya vituo vipya. Wakati huo Famicom ilikuwa na umri wa miaka kumi na ushee. Hapa inazuka fumbo zuri. Watoto wengi waliocheza Super Mario, Contra au Battle City mjini hapa hawakuwahi kushika mashine yenye jina la Nintendo. Walishika mashine zilizoandikwa Micro Genius, au Ending-Man Terminator, au majina mengine yasiyofahamika. Na kaseti zake zilifuata mfumo wa Japani. Mfumo wa Marekani na Ulaya ulikuwa tofauti. Kwa nini Japani, nchi ambayo toleo lake halikukusudiwa kuvuka bahari?

Jibu liko ndani ya mashine. Nintendo walipoipeleka mashine yao Marekani mwaka 1985, waliweka ndani yake chipu ya kufuli. Kaseti isiyo na chipu mwenza ilikataliwa. Toleo la Japani halikuwa na kufuli hilo. Kaseti yake ilikuwa na meno 60, ya Marekani meno 72. Viwanda vya Taiwani, hasa UMC, vilinakili chipu mbili kuu za toleo la Japani: ile ya hesabu, ya ukoo wa 6502 iliyokuwa pia kwenye Apple II, na ile ya kuchora picha. Mashine nzima ilihitaji kumbukumbu ya kazi ya kilobaiti 2, takriban kiasi cha herufi zinazojaa ukurasa mmoja wa kitabu. Kitu rahisi namna hiyo, kisicho na kufuli, kilinakilika hadi kikaingia kwenye chipu moja, na chipu hiyo, kama ile ya kaseti ya njano, ikafunikwa kwa tone la gundi. Doa jeusi, kwa hiyo, nalo lina la kusema. Linakuambia kwamba aliyeitengeneza alikuwa amepunguza gharama mpaka ganda la chipu likaonekana anasa, na kwamba unashika kitu cha mwisho katika mnyororo mrefu wa kunakili.

Na zile gemu 9,999,999? Ukizipitia kwenye skrini utakuta dazeni chache, zimerudiwarudiwa kwa majina tofauti, nyingine zikianzia hatua ya mbele, nyingine zikikupa maisha 30 badala ya matatu. Wapo watakaoona huo ni ulaghai tu. Ninamwomba mchunguzi asizitupe. Kuna mtu alikaa akafungua programu ya Konami au Namco, akabadili namba chache, akaandika menyu mpya. Huo ni uandishi wa programu, na gemu waliyoijua watoto wa Arusha ni hiyo iliyobadilishwa. Anayeziorodhesha aandike nakala kama ilivyo, na makosa yake ya tahajia, bila kuisahihisha ifanane na toleo la Japani.

Mpaka hapa nimezungumzia vitu. Sasa watu.

Tanzania ina bahati ya pekee katika jambo hili, kwamba wanahistoria wake walijifunza mapema kuandika pale ambapo karatasi ni za upande mmoja. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwapeleka wanafunzi vijijini kukusanya masimulizi ya wazee kuhusu vita vya Maji Maji, kwa sababu maandishi yaliyokuwepo yalikuwa hasa ya Wajerumani. Mwaka uliofuata Isaria Kimambo alichapisha historia ya Wapare iliyosimama juu ya masimulizi. Na kuhusu mlima wetu huu, Thomas Spear alichapisha mwaka 1997 kitabu chake juu ya wakulima wa Waarusha na Wameru, akitumia rika kupanga miaka: mzee hakulazimika kujua tarehe, ilitosha kujua jambo lilitokea wakati wa rika lipi, na msomi akajenga kalenda kutoka hapo.

Njia ileile inafaa kwa gemu. Ukimuuliza mtu wa miaka arobaini alianza kucheza mwaka gani, atakupa mwaka wa kubahatisha, na mara nyingi ataurudisha nyuma zaidi ya ukweli, maana utoto huonekana mbali. Badala yake muulize alikuwa darasa la ngapi. Kila aliyesoma hapa anaujua mwaka wake wa kumaliza darasa la saba kama anavyolijua jina la babu yake; kwa kizazi chetu, hilo ndilo rika. Halafu mfungie kumbukumbu kwenye matukio yasiyosahaulika. Je, ilikuwa kabla ya kuzama kwa MV Bukoba, Mei 1996? Mvua za El Niño za mwishoni mwa 1997 zilikuta mashine ipo nyumbani? Siku Clinton alipokuja Arusha, Agosti 2000, kutwa mlishinda wapi?

Nilimjaribu mama mmoja wa Sekei kwa namna hii. Baada ya shikamoo na marahaba nilimuuliza walinunua lini ile TV gemu iliyokuwa bado juu ya kabati.

"Mwaka? Mwaka sikumbuki, mwanangu."

"Mwalimu alipofariki ilikuwepo?"

Akatulia. "Haikuwepo. Siku zile za msiba tuliangalia televisheni kutwa, ingekuwepo wale watoto wangelia kuchomeka gemu yao. Ililetwa Krismasi iliyofuata, baba yao alitoka nayo Nairobi."

Mwalimu Nyerere alifariki tarehe 14 Oktoba 1999. Bado ungebaki na swali, je, ni Krismasi ya mwaka huohuo au ya 2000? Kwa hilo alimwita mwanawe wa kwanza, na yule akasema alikuwa amekwisha maliza la saba. Alimaliza mwaka 2000. Katika dakika kumi tulipata mwaka, mwezi, mji ilikotoka na aliyeibeba, yaani yote ambayo chipu haikuweza kusema.

Lakini hapa kuna mtego ambao umewanasa hata waandishi wa nchi kubwa. Ukianza na waliocheza kwenye vibanda vya gemu utapata wavulana watupu, na utaandika kwamba gemu zilikuwa mambo ya machalii. Wasichana na wanawake wako mahali pengine. Mwaka 1990 Microsoft waliweka mchezo wa karata ndani ya Windows 3.0, kwa sehemu ili watu wazoee kukokota vitu kwa kipanya. Popote ilipofika kompyuta ya ofisi, karata zilifika nayo. Na katika ofisi za Tanzania, aliyekaa mbele ya kompyuta mara nyingi alikuwa mhazili, mwanamke aliyefundishwa kupiga chapa chuoni. Arusha ya miaka ya 1990 ilikuwa na ofisi nyingi za namna hiyo, za utalii, za makanisa, za Kituo cha Mikutano cha Kimataifa, na kuanzia 1995 za Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda. Ukitaka kujua nani alicheza gemu ya kompyuta mapema mjini hapa, kamtafute mhazili mstaafu kabla hujamtafuta chalii wa kibanda. Na usimuulize kama alicheza gemu, maana atakataa. Muulize mapumziko ya mchana, ofisi ikiwa kimya, alifanya nini na ile kompyuta.

Neno "nyumbani" nalo linahitaji kupimwa upya. PlayStation 2, iliyotoka Japani mwaka 2000 na kuuzwa duniani zaidi ya milioni 150, iliundwa kwa ajili ya sebule. Hapa ilihamia kibandani: benchi, televisheni mbili tatu, mchezo wa mpira, unalipia mechi, mshindi anabaki na aliyefungwa anapisha. Kitu pekee cha binafsi kilikuwa kadi ndogo ya kumbukumbu ambayo kijana aliitia mfukoni na kuchomeka kwenye mashine atakayoikuta. Ndani yake mlikuwa na timu yake, wachezaji aliowasajili, msimu alioufikisha. Kadi hizo ni nyaraka. Kila faili lina tarehe, na ukiweza kuisoma utaona maisha ya mtu kati ya kibanda na kibanda. Ila uwe macho: tarehe hutoka kwenye saa ya mashine, na saa huendeshwa na betri ndogo ya duara. Betri ikifa, saa hupotea, na mwenye kibanda ana mambo mengi ya kufanya kuliko kuirekebisha. Kadi inaweza kukuambia kwa uhakika wote kwamba ligi ilichezwa mwaka ambao kibanda chenyewe hakikuwa kimejengwa.

Kuhusu simu nitapita haraka, kwa kuwa habari zake zinajulikana zaidi. Mobitel walianza mwaka 1994, Vodacom 2000, Celtel 2001, na gemu ya nyoka ya Nokia, iliyotoka mwaka 1997, ikawa gemu ya kwanza kwa watu wengi ambao hawakuwahi kuingia kibandani.

Karatasi nazo zipo, mahali ambapo wengi hawatazami. Matangazo ya biashara kwenye Daily News, Uhuru na The Arusha Times yana bei, chapa, mtaa na namba ya simu. Hata idadi ya tarakimu za namba hiyo husaidia kukisia mwaka. Habari ya ukurasa wa mbele mhariri aliipima. Tangazo la kona ya chini mwenye duka aliliandika kwa lengo moja la kuuza, na kwa hilo namwamini zaidi.

Si sisi tu tulioanza na mazingira haya. Jaroslav Švelch, katika kitabu chake cha 2018 kuhusu gemu katika Chekoslovakia ya kikomunisti, alionyesha nchi ambayo kompyuta za nyumbani ziliingia kwa kubebwa na wasafiri, na historia yake aliitoa kwenye vijarida vya klabu na vinywa vya waliokuwepo. Melanie Swalwell amefanya kazi ya jinsi hiyo Australia na New Zealand. Nikiwasoma ninaona wanachotuzidi ni kwamba walianza kuuliza mapema, mashahidi wakiwa hai.

Na kupotea kwa gemu ni kwa kila mahali. Mwaka 2023 taasisi ya Video Game History Foundation ya Marekani ilitoa utafiti ulioonyesha kuwa asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotolewa nchini humo hazipatikani tena sokoni. Ili upate asilimia ya namna hiyo kwa Arusha, lazima kwanza iandikwe orodha ya kilichouzwa na kuchezwa hapa.

Swali la mahali pa kutunzia lina majibu mawili, na yote yako karibu. Lakilaki, nje kidogo ya mji, Umoja wa Mataifa ulifungua mwaka 2016 majengo ya taasisi iliyorithi kazi za mahakama ya Rwanda, pamoja na jengo la nyaraka lenye vyumba vinavyodhibitiwa joto na unyevu. Ushahidi wa mahakama ile ulikuwa na sauti na picha kwenye kanda, na kanda haziishi milele hata kwenye chumba cha baridi; lazima zihamishwe kabla mashine za kuzisoma hazijaisha. Kazi ya kuokoa kumbukumbu za sumaku, basi, si jambo geni katika mji huu. Kinachotakiwa ni chumba kidogo chenye nidhamu ileile, na kwa baridi yetu ya Juni na manyunyu yake, disketi iliyoachwa stoo huota ukungu upesi.

Jibu la pili ni mafundi, na hapa nina msimamo. Wakusanyaji wa nchi nyingine hupenda mashine irudishwe ilivyotoka kiwandani: plastiki ing'arishwe, waya ubadilishwe, kila kipande kiwe cha asili. Kwa Arusha huko ni kufuta maandishi. Niliona kwenye banda la Kilombero mashine moja ambayo adapta yake ilikuwa ya redio, swichi ya tochi, na pedi moja imefungwa kwa waya wa simu ya mezani. Mashine ile imekusanya viungo vya mashine nne. Kila kiungo kinaeleza nini kilikosekana dukani siku ile, fundi alijua nini, na mwenye mali alithamini kiasi gani asiitupe. Ukiisafisha hiyo, unabaki na nakala nyingine ya kitu kilichotengenezwa kwa mamilioni.

Kuna sehemu moja ya historia hii ambayo imetunzwa vizuri, nayo inatoka Tanga. Kati ya 2017 na 2019 watoto wapatao 2,700 katika vijiji takriban 170 vya mkoa huo walipewa tableti zenye programu za kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, katika shindano la Global Learning XPRIZE. Programu hizo zilijaa michezo, na washindi wawili, Kitkit School na onebillion, walitangazwa mwaka 2019. Masharti ya shindano yalitaka programu za waliofika fainali zitolewe wazi kwa umma, maandishi ya ndani yakiwemo. Kwa hiyo mwanahistoria wa mwaka 2070 ataweza kuifungua gemu ya Kiswahili aliyoichezea mtoto wa Tanga na kuisoma mstari kwa mstari. Za vibandani kwetu hataweza, isipokuwa mtu azitoe sasa kwenye kaseti na kadi zake.

Mwaka 2014, pale Alamogordo, walirudi na mashine za kuchimbia, wakafukua kaseti zipatazo 1,300 za Atari kutoka kwenye lile jalala, na vipande vikaenda majumba ya makumbusho. Malori ya Arusha humwaga taka Murriet. Nilimuuliza fundi huwa anafanyaje na mashine zilizokufa kabisa.

"Nazitoa vipuri. Kinachobaki kinaenda na gari la taka."

Tukakubaliana kwamba kabla gari halijaja atanipigia. Kwa kuanzia nilikata kipande cha boksi, nikakitoboa, nikakifunga kwa uzi kwenye kaseti ya kijivu na kuandika: chipu 9217, meno 60, imetoka Unga Limited, mwenyewe alimaliza la saba 1997, ilikuwepo kabla ya El Niño. Nikamsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, akakichukua kile kipande, akakigeuza upande wa pili uliokuwa mtupu.

"Andika na huku," alisema. "Meno mawili niliyachomelea mimi. Na aliyeileta kutengeneza alikuwa dada yake."